Betri Nne Mkobani mwa Perez

Perez Odera hakuwa mtu wa kinyaa. Kwa miaka ishirini na saba katika maabara ya hospitali mjini Eldoret alikuwa amefungua vikopo vya kila kitokacho mwilini mwa binadamu: makohozi, mkojo, usaha, na kile kingine ambacho wagonjwa hukileta kimefungwa kwa mifuko mitatu huku wakitazama kando. Hakukunja pua hata siku moja. Wanafunzi walipotapika kwenye sinki, aliwapa maji na kuwaambia kwamba uchafu wa mwili hauna kosa, kazi yake ni kusema kweli. Kilichomchefua Perez ni mtu kuandika majibu bila kupima. Mwenzake mmoja aliwahi kuandika "hakuna malaria" sampuli ikiwa bado imezibwa kifuniko, na tangu siku hiyo Perez hakunywa naye chai meza moja.

Alipokaribia kustaafu, majirani zake wa mtaa wa West Indies walitarajia afuge kuku. Yeye akanunua ndege. Si ya kupanda mtu, la. Ya povu gumu, yenye mabawa ya manjano marefu kama mkeka wa mtoto, inayoendeshwa kwa rimoti ukiwa umesimama chini. Mwanawe Byron alipouliza kwa simu mama yake anafanya nini siku hizi, Perez alijibu, "Narusha ndege." Hakusema anajifunza. Alisema anarusha, na neno lile lilimkaa mdomoni tamu siku nzima.

Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda Chepsaita, kwenye malisho ya Mwalimu Khisa, mwenyekiti wa kikundi cha watu kama saba hivi wenye ugonjwa huo huo. Mkufunzi wao alikuwa Kuria, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, kijana wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye vidole vilivyokaukiwa gundi. Alifundisha kwa rimoti mbili zilizounganishwa kwa waya. Kuria alishika kubwa, Perez akashika ndogo. Kuria akibonyeza swichi fulani, ndege inamsikiliza mwanafunzi. Akiiachilia, inarudi kwake. Rimoti ya Perez ilikuwa kuukuu, hata taa yake ndogo ilikuwa imekufa zamani, lakini Kuria alisema inafanya kazi.

"Hapa kwetu hewa ni nyepesi, Mama Byron," alimwambia siku ya kwanza. "Wakimbiaji wanaipenda, lakini ndege haiipendi. Ukipunguza mwendo mapema, inaanguka kama jiwe."

Kikundi kilikuwa na sheria moja. Ukiweza kuruka bila waya, uzunguke kiwanja na kutua mara tatu, unaitwa rubani, na unapewa kibandiko cha kitambaa chenye mabawa mawili. Perez alikitaka kibandiko kile kwa uchu ambao angeona aibu kuusimulia. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la kuandika safari zake, na Kuria alitia sahihi kila mstari. La Perez lilikuwa safi kama rejista ya maabara. Jumapili kumi na tatu, safari thelathini na moja, wala hakuna hata moja iliyovunja kitu.

Sifa alizopata! "Mama Byron, wewe ulizaliwa na mabawa." "Mama Byron, hiyo kona hata mimi siwezi." Naye, mtu mzima na akili zake, alizipokea zote na kuwapelekea chapati ishirini kila wiki. Watu walimvisha kilemba cha ukoka, akatembea nacho mji mzima.

Jumapili ile ya kumi na tatu, Januari, mahindi yalikwisha kuvunwa na upepo ulikuwa mkavu. Khisa alikuwa amesema kwamba wiki ijayo Perez ataruka bila waya mbele ya wote. Aliruka raundi tatu, ndege ikatua laini, wakampigia makofi. Akaweka rimoti chini na kutafuta kitambaa mkobani, afute mikono kabla ya kugawa chapati.

Mkobani zilikuwamo betri nne.

Alizitazama. Alizitoa kwenye rimoti jana yake jioni azichaji, asubuhi akazitia mkobani ili azirudishe akifika, kisha akasahau. Akageuza rimoti, akafungua kifuniko cha nyuma. Palikuwa patupu.

Mate yalimjaa mdomoni, yale ya mtu anayetaka kutapika. Lakini miaka ishirini na saba si mchezo. Jibu la ajabu halitangazwi kabla ya kurudiwa. Akafunga kifuniko, akafunga na mdomo wake.

"Kuria, turushe tena kidogo."

"Hiyo ndiyo moto, Mama Byron! Twende."

Ndege ikapaa. Perez akasukuma kijiti cha rimoti kushoto. Ndege ikapinda kulia.

"Poa sana! Hiyo kona umeikata safi!" Kuria akasema, macho juu.

Perez akavuta kijiti chote nyuma, jambo ambalo lingeiinua ndege pua juu mpaka ikose mwendo. Ndege ikaendelea zake, imenyooka. Basi akaivua rimoti na mkanda wake shingoni, akailaza polepole kwenye nyasi, kando ya kinyesi cha ng'ombe, akakunja mikono.

"Shikilia hapo hapo, mama," Kuria alisema. "Usiguse kitu. Unaona vile imetulia? Hiyo ni mkono yako."

Wengine walikuwa wameona. Khisa alikohoa. Kuria aligeuka, akaiona rimoti chini, na ndege iliyumba kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliitua haraka haraka. Perez akatoa zile betri nne, akazipanga juu ya kifuniko cha chombo cha chapati, moja moja, jinsi alivyokuwa akipanga chupa za damu.

"Tangu lini?" akauliza.

Kuria alikuna kichwa. "Mama Byron, si hivyo..."

"Nimeuliza tangu lini."

"Ile Jumapili ya pili," Khisa akamjibia kwa sauti ya chini. "Ile siku ndege ilitaka kugonga ng'ombe. Kuria akaichukua, na... hakukurudishia."

"Na nyinyi wote mlikuwa mnajua."

"Si kwa ubaya, mama. Wewe ni mzazi wetu. Nani angekwambia kwa uso hujui? Tuliona ni heshima."

"Heshima!" Perez akatema mate kando, mate ya kweli, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Miezi mitatu mnanitazama nikichezea kopo tupu kama mtoto, mnanipigia makofi, mnakula chapati zangu. Mimi nimeshika kinyesi cha watu kwa mikono hii, Mwalimu, na sijawahi kusikia kichefuchefu kama hiki."

Aliwatazama mmoja mmoja, na kila mmoja alimtia kinyaa: Kuria na vidole vyake vya gundi, Khisa na kikohozi chake, yule wa nyuma mwenye mafuta ya chapati kidevuni. Lakini aliyemchefua zaidi alikuwa yeye mwenyewe, yule mama aliyemwambia Byron kwa simu, narusha. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa amefichiwa uchi wake akashukuru.

"Toa waya," akasema. "Nipe hiyo rimoti kubwa."

"Mama, utaivunja ndege."

"Ni yangu."

Akairusha. Mara ile ile alijua tofauti. Ndege ilikuwa nzito mikononi, kaidi, ikitaka kwenda kwake. Ilipanda, ikayumba, ikapanda tena. Akaipeleka mpaka upande wa mabua, akaigeuza, na hapo ikawa inamjia usoni. Ndege ikikujia, kushoto kwake ni kulia kwako. Jambo hilo alilijua kwa maneno tu. Bawa likalala, akasukuma upande usiofaa, likalala zaidi. Mkono wa Kuria ulinyooka.

"Usiguse!"

Akasukuma kijiti kule bawa linakoangukia. Ndege ikanyooka, ikapita juu ya vichwa vyao kwa kelele. Akazungusha mara moja, akaishusha itue, na kwa woga akapunguza mwendo ikiwa bado juu. Ilisimama hewani kitambo kidogo, kisha ikaanguka kama jiwe kwenye mabua ya mahindi. Walisikia bawa likikatika.

Kisha Kuria, maskini, akafungua mdomo.

"Umejaribu vizuri sana, mama."

"Nimeanguka," Perez akasema. "Sema nimeanguka."

"Umeanguka, Mama Byron."

"Kwa nini?"

Kuria akaelekeza kidole kwenye mabua. "Umepunguza mwendo mapema. Nilikwambia hewa ya hapa ni nyepesi. Na pale mwanzo ulisukuma kijiti upande mbaya."

"Haya. Hilo ndilo somo lako la kwanza kwangu tangu Oktoba."

Akaenda mabuani, akarudi na ndege vipande viwili. Akafunika chapati, zote, akazirudisha kwenye kapu. Halafu akafungua daftari, akachukua kalamu na kufuta mstari mmoja baada ya mwingine, wiki baada ya wiki, na pembeni ya kila mmoja akaandika jina la Kuria mahali pa rubani. Alibakiza safari mbili tu, zile za Jumapili ya kwanza. Chini kabisa, kwa mwandiko wake wa rejista, akaandika: *Dakika moja na nusu. Imeanguka. Bawa la kushoto limevunjika. Rubani: Perez Odera.*

Akamsukumia Kuria daftari atie sahihi.