Maneno ya Mlangoni

Asnath anafundisha tuisheni ya Kiingereza kibarazani kwake Mandewa, na wazazi wa mtaa wanamsifu. Mimi ni jirani yake, tena tumetoka kijiji kimoja, na nasema wazi: sijaona mtu anayeijua vizuri hivyo lugha asiyoipenda. Walimu wengine huanza na salamu. Yeye huanza na kuomba msaada: nyumba inaungua, mwenzangu ameanguka, naumwa. Mtoto akikwama, anamwambia, "Sema kwa Kiswahili. Sema kwa Kinyaturu. Wewe sema tu."

Kwao Sepuka waliongea Kinyaturu, Kiswahili akakikuta shuleni. Alipoingia kidato cha kwanza akaambiwa vyote viwili aviache getini. Aliyeponyokwa na neno alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Ofisi ya walimu nayo ilikuwa na mila yake: unabisha kwa Kiingereza, unaeleza shida yako kwa Kiingereza, ukishindwa unarudishwa kwenye mlingoti wa bendera ukajipange upya. Walimu wenyewe walipiga soga humo ndani kwa Kiswahili mpaka chai inapoa.

Dorika alikuwa rafiki yake wa dawati moja, binti mcheshi mwenye pumu. Asubuhi moja ya kiangazi walikuwa wanafagia uwanja, na upepo wa Singida mnaujua. Vumbi likapanda, Dorika akakaa chini, kifua kikaanza kupiga filimbi. Akamshika Asnath sketi.

"Kamwambie mwalimu."

Mwalimu Chediel alikuwa ofisini, na pikipiki yake ilikuwa nje. Kwa pikipiki zahanati haikuwa mbali.

Asnath alikimbia, akabisha, akaanza kueleza. Kikamtoka Kiswahili.

"Lugha gani hiyo?" Mwalimu Chediel hakuinua hata uso. "Rudi kwenye mlingoti."

Msiniulize kwa nini hakupiga kelele. Alikuwa ametoka kukivua kile kibao, na mtoto aliyekivaa hujifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Alirudi kwenye mlingoti kweli, akasimama pale anatafuta neno la kupumua, neno alilolijua jana yake. Akaenda tena mlangoni na nusu ya sentensi. Walimu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, wakamrudisha. Alipolipata hatimaye na kuanza kukimbilia mlangoni, wanafunzi walikuwa wameshaanza kupiga mayowe uwanjani, na mayowe hayakuulizwa ni ya lugha gani. Mwalimu Chediel alitoka mbio na ufunguo mkononi. Dorika alikata roho njiani, amebanwa katikati ya mwalimu na Asnath juu ya pikipiki.

Msibani tukaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Ya Mungu haina, sikatai. Lakini nilimtazama Mwalimu Chediel amekaa na wazee, anapewa pole kama mfiwa, na chakula kikanishinda.

Mwezi uliopita Mama Dorika alikuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwa Asnath. Mama huyu hajasoma. Alikaa kibarazani jioni nzima akiwasikiliza watoto wakirudia sentensi zao, nami nikiwa pembeni nachambua mchicha. Watoto walipoondoka akauliza, taratibu tu, kama anayeuliza bei ya vitunguu:

"Mwanangu, siku ile. Yale maneno waliyokuwa wanayataka pale mlangoni, ulikuja kuyapata?"

"Niliyapata, mama."

"Nami niyasikie."

Asnath akajifuta uso kwa kanga, akakaa wima.

"Teacher, Dorika cannot breathe."

Mama Dorika alikuwa ameinamisha kichwa, ametega sikio. Akangoja. Tukangoja naye.

"Endelea," akasema.

"Yameisha, mama."