Mkuyuni Walinisikia Nikija

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana najua mtacheka tu, na mimi mwenyewe ningekuwa nasikiliza mkasa wa mtu mwingine ningeshika mbavu, lakini huu ni wangu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona mtu wa Mkuyuni sokoni navuka upande wa pili wa njia, najifanya natazama mabiringanya.

Ilikuwa siku za Mjerumani, reli imeshafika Morogoro, ile vita yao kubwa ya Wazungu kwa Wazungu bado, na mimi nilikuwa dereva. Dereva wa motokaa! Bwana wangu alikuwa na shamba la mpira nje ya mji, njia ya Mikese, na motokaa yake ilikuwa haina mwenzake mji mzima, kwa hiyo mtu akisema “dereva” hapakuwa na haja ya kuuliza yupi. Mngedhani nilikuwa mtu wa raha. Wapi! Mimi ni mtu wa Pangani, kazi ya reli ndiyo iliyonileta bara, na pale shambani sikuwa na ndugu wala jirani. Wanyamwezi walikuwa na kambi yao na nyimbo zao, Waluguru jioni wanapanda milimani kwao, kila mtu ana moto wake na watu wa kuuzunguka, nami nabaki bandani na gari. Asubuhi nilikuwa naisalimia. (Nimesema msinicheke.) Siku moja ya Idi nilikula peke yangu, nikaosha sahani, nikaiosha tena, ili jua lisogee.

Wa kwanza kuniuliza “umekula?” katika mji ule alikuwa Mwanaidi, mjane wa Kiluguru aliyekuwa akiteremka na ndizi kutoka Mkuyuni kuja kuuza sokoni. Ni swali dogo, lakini nilikaa nalo wiki nzima. Basi nikamtafuta Mzee Salum, mshona kofia, mtu wa makamo anayejua maneno, awe mshenga wangu, akapeleka posa kwa mjomba wake Mwanaidi, Mzee Kibwana, kwa sababu kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli. Tena ukioa kwao ni wewe unayehamia kwa mke, na wanaume wengi wa pwani walikuwa wakinicheka kwa hilo, eti nitakuwa mtu wa kukaa kwa wakwe, wala hawakujua kwamba hilo ndilo nililokuwa nalitaka, mlango ambao nikichelewa mtu anauliza nimekwenda wapi.

Sasa sikilizeni ujinga ulipoanzia. Chini ya motokaa palikuwa na kopo la chuma ambalo moshi unapita kabla ya kutoka, na kazi yake ni kumeza kelele (siku hizi mnaliita salensa). Kwa kopo lile gari yetu ilikuwa inanong'ona tu. Nilishapita nayo Mkuyuni mara kadhaa na watu walikuwa wananiona vumbi likishawafikia. Halafu siku moja mjini kopo likalegea, likaachana na bomba, na gari ikatoa sauti, ta-ta-ta-ta, mtaa mzima ukatoka nje! Wenye maduka, wapiga pasi, akina mama na miiko mkononi, wote wananitazama mimi. Watoto walinifuata mpaka stesheni. Nililirudisha kopo siku ile ile, lakini sauti ile ilinibaki moyoni, kwa sababu kwa muda mfupi nilikuwa kama mtu mwenye ukoo.

Ikafika siku ya jibu la posa. Desturi inasema muoaji akae kwake atulie, mshenga ndiye aende, na Mzee Salum alikuwa ameshatangulia kwa miguu tangu jana yake. Lakini bwana akanituma siku hiyo hiyo nipeleke sanduku la chakula kwa Mzungu mwenzake aliyekuwa akichimba ulanga, vile vigamba vinavyong'aa, na wapagazi wake wangelipokea palepale Mkuyuni. Nikasema, Mungu mwenyewe ameniita. Nikavaa kanzu mpya, nikanunua doti ya kanga nyekundu dukani kwa Hirji, na mbele ya baraza lake nikaingia chini ya gari nikalifungua kopo.

“Gari yako inaumwa?” Hirji akaniuliza.

“Imepona,” nikamjibu. “Nitunzie hili kopo mpaka jioni. Leo wakwe wanisikie tangu mbali.”

Akacheka, akaliweka nyuma ya majora ya nguo, na nilipoondoka mji mzima ulinipigia vigelegele. Nikavimba kichwa.

Kijiji cha Kiroka nilikipita bila kuona mtu. Mbele kidogo nikaona majembe yamelala shambani katikati ya matuta, nikasema watu wa huku wanapumzika mapema. Nikaona mtungi umevunjika njiani na maji bado yanatiririka, nikasema masikini, ameteleza. (Haki ya Mungu hivyo ndivyo nilivyowaza.) Mlima wa Uluguru ulikuwa unaipokea sauti ya gari na kuirudisha mara mbili tatu, mpaka ukisikia huwezi kujua inatoka mbele au nyuma, na mimi niko juu ya kiti natabasamu peke yangu, nadhani watu wote wamekwenda Mkuyuni kwenye shughuli yangu.

Nikaingia uwanjani kwa Mzee Kibwana, nikazima. Kimya. Mkeka umetandikwa, sinia la wali linatoa mvuke, kuku wanadonoa pembeni, na viatu vya Mzee Salum viko palepale alipoviacha, kimoja kimepinduka. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta bibi kizee, mama yake Mzee Kibwana, ameketi mlangoni, miguu haina nguvu.

“Shikamoo, bibi.”

Hakuitikia salamu. Alikunja mikono, akasema, “Mbuzi wako kule, wachukueni. Vijana hatuna, askari. Walishakwisha mara ile.”

Ndipo akili ikanirudi. Mara ile, ndugu zangu, ni Majimaji. Askari wa Mjerumani walipopita milima ile na mzinga wao wa kumimina risasi, watu walikuwa wanausikia kwanza bondeni, ta-ta-ta-ta, kabla hawajaona mtu. Gari ya kunong'ona walikuwa wanaijua. Hii hawakuijua, na wala hawakungoja kuiuliza.

Mtu mwenye busara angekaa chini angoje. Mimi nikapiga honi niwaite! Honi, wenzangu, paa paa, kama tarumbeta ya askari, na huko juu migombani nikasikia majani makavu yanavunjika, watu wanazidi kupanda. Bibi akafunika uso. Nikaona afadhali niitoe gari uwanjani, lakini niitoeje bila kelele, na kopo liko Morogoro nyuma ya majora ya Hirji? Basi nikaichukua ile doti ya kanga, zawadi ya Mwanaidi, nikaivingirisha, nikalala chini na kanzu yangu mpya, nikaisokomeza katika bomba kwa nguvu zangu zote. Nikaenda mbele, nikazungusha mpini wa kuwashia. Gari ikakohoa, ikatetemeka, halafu ikatoa mshindo ambao sijausikia tena maishani, na kanga ikaruka nje inafuka moshi, ikapita juu ya mkeka, ikatua kwenye sinia la wali.

Nikabaki nimepiga magoti, uso mweusi kwa masizi. Ndipo mtoto mmoja akacheka huko juu. Akafuata mwingine, halafu mtu mzima, mwisho mlima mzima unacheka, kumbe walikuwa wamejificha migombani wananitazama muda wote. Wakaanza kuteremka. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilifurahi! Aibu nilikuwa nayo, lakini watu walikuwa wanakuja, wengi, na wote wanakuja kwangu.

Mzee Salum alifika wa mbele, peku, kanzu imechanika. “Kumbe ni wewe, mwanaharamu! Mimi na umri wangu nimewapita vijana wao mbio!”

Mzee Kibwana hakucheka. Aliangalia wali, akaiangalia gari, akasema, “Debe tupu haliachi kuvuma.” Kisha akaingia kumtuliza mama yake.

Mwanaidi alikuja mwisho, miguu imechanwa na miiba. Alipofika, vicheko vikapungua vyenyewe.

“Ndiyo hii iliyokuwa inalia vile?” akaniuliza.

“Ndiyo hii. Nilitaka unisikie nikija.”

“Nilikusikia.” Akaiokota kanga kwenye wali, akaanza kupukuta punje moja moja, na huku anapukuta akasema, “Mume wangu alikuwa analima pale ng'ambo ya mto. Sauti ilianza hivyo hivyo. Mimi nilikimbia, nikawahi. Yeye hakuwahi.”

Nilijua ni mjane. Nilijua bei ya ndizi zake na jina la shangazi yake. Hilo la mumewe amekufaje sikuwahi kuuliza, maana nilikuwa nimeshughulika sana na upweke wangu mimi.

Mzee Kibwana akatoka. “Sisi tulikuwa tumeshakubaliana tangu asubuhi,” akasema mbele ya wote. “Jibu lilikuwa ndiyo. Sasa aseme mwenyewe.”

Mwanaidi akatikisa kichwa. “Wala sina hasira, mjomba,” akamwambia mjomba wake, kisha akanitazama mimi. “Ungenioa, kila nikikuona ningekusikia.”

Akaikunja ile kanga iliyoungua, akaniwekea mkononi vizuri, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani.

Wapagazi wa ulanga wakajitwika sanduku lao. Mzee Kibwana akasema gari hiyo isilie tena pale uwanjani, basi wanaume wakaisukuma, mimi nimekaa kwenye usukani na masizi yangu, kijiji kizima kinafuata nyuma taratibu, hakuna anayecheka tena, mpaka ng'ambo ya mto. Pale wakaniacha wakarudi. Nilingoja wafike mbali ndipo nikawasha, na kopo sina, na njia ya Morogoro ni hiyo moja, na watu walikuwa wamesharudi mashambani kwao.

Wakakimbia tena. Nilivua kofia, nikaipunga, nikapiga kelele, “Ni mimi tu! Ni mimi tu!” Nani wa kusikia? Majembe yalianguka, akina mama wakanyakua watoto, na kila shamba nililolifikia lilikuwa tupu, nami naliambia shamba tupu kwamba ni mimi.

Tangu siku ile sijakwenda kwa watu kwa kishindo. Nikiwa na gari naiacha mbali, naingia kwa miguu, na nikipenda mtu namuuliza kwanza ameshapatwa na nini, kabla sijamweleza yangu. Mwanaidi aliolewa na mtu wa Matombo. Mimi sikuoa. Nashukuru mmekuja leo, kaeni kidogo, chai bado ipo.