Mgombea Aliyeomba Msamaha

Ijumaa iliyopita, kwenye ukumbi wa video hapa Bulla Pesa, walituonyesha mchezo wa kuigiza uliorekodiwa jukwaani: wagombea wawili wa ugavana wakibishana kwenye mdahalo wa televisheni. Mchezo ukiwa umeshaanza, mzee mfugaji kutoka Sericho aliingia kukwepa jua, akaketi kando yangu. Alikuwa amekwenda ofisi ya kaunti kufuatilia maji ya kwao, akaambiwa arudi wiki ijayo.

Mwigizaji mmoja alipoahidi visima, mzee alinigusa bega. "Hii mtu mimi najua. Alikuja kwetu."

Nikadhani anatania.

Kisha mwigizaji akaulizwa visima alivyoahidi zamani viko wapi. Akainamisha kichwa. "Nilidanganya. Sikuchimba hata kimoja. Nisameheni."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mzee akashika fimbo yake, akasimama.

"Mzee, bado haijaisha," nikamwambia.

"Wallahi, kumbe hii ni mchezo! Mgombea ya kweli hawezi omba msamaha. Na wewe ulijua, ukaniacha nangoja jibu."

Akarudi juani. Sisi tuliojua tangu mlangoni tuliendelea kupiga makofi, wengine wakifuta machozi. Tangu tupate serikali ya kaunti tumelingoja neno hilo moja, nisameheni, na aliyelitamka hajawahi kutuomba kura.