Farasi Mia na Ishirini

Injini ya lori la Lerionka ilipokufa, hakuhangaika kuuliza huku na kule. Shemeji yake Ezra, kaka wa mkewe Ndeshi, alikuwa na duka la injini za mtumba Kaloleni. Ndugu yupo, uende kwa wageni ya nini?

Ezra alimwonyesha mbili, za ukubwa mmoja. "Hii ina nguvu za farasi mia na kumi. Ile pale, mia na ishirini."

Lerionka aliufikiria mlima. Kazi yake ilikuwa kupandisha tofali na saruji kutoka Kisongo hadi vijiji vya juu, upande wa magharibi wa Meru. Akachukua ya mia na ishirini.

"Umechagua kiume, shemeji," Ezra alimwambia.

Tangu mwanzo lori lilipanda likihema. Lerionka alilaumu dizeli, akalaumu mzigo. Ndeshi alimsihi amrudie Ezra, lakini yeye aliona aibu kumsumbua shemeji.

Siku walipopeleka tofali za kanisa, Ndeshi alipanda naye ili akawapikie mafundi. Katikati ya mwinuko mkali injini ilizima. Breki zikazidiwa, lori likarudi kinyumenyume na kulalia ubavu kwenye ukingo. Lerionka alitoka na michubuko tu. Ndeshi alivunjika nyonga.

Ezra alikuja hospitali na machungwa.

"Niambie mbele ya dada yako," Lerionka alisema. "Injini ile ni ya mia na ishirini kweli?"

"Kweli tupu. Ila walipoipima kiwandani ilikuwa peke yake juu ya stendi. Haina feni, haina altaneta, haina ekzosi. Vitu hivyo vyote hula nguvu. Ile ya mia na kumi waliipima navyo."

"Kwa hiyo ndani ya gari, ile ndogo ndiyo kubwa?"

"Ndiyo."

"Na ulijua."

Ezra alianza kumenya chungwa. "Hukuuliza, shemeji. Halafu ile ya mia na kumi ilikuwa na mteja wake tayari."

"Mwizi wewe!" Lerionka alipiga kelele hadi nesi akaja.

Ndeshi alimgeuzia kaka yake uso. "Ezra," alisema, "ondoka na machungwa yako."

Ndeshi alipotoka hospitali, mambo yakafika kwa wakwe, Makumira. Wazee walimuuliza Ezra kama alidanganya namba. Hakudanganya. Basi wakaamua kwamba kosa ni la Lerionka, aliyemwita ndugu mwizi mbele za watu. Mama mkwe alilia, akitaka yaishe.

Lerionka alisimama, akampa Ezra mkono. "Nisamehe, shemeji." Ezra akasema amemsamehe, tena kwa sauti ya upole.

Mzee mmoja akaomba watu wainamishe vichwa kwa sala. Ndeshi hakuinamisha chake. Alijiinua kwa taabu, akashika ukuta, akatoka nje akichechemea, na hakuna aliyethubutu kumwita arudi.