Odile Mbele ya Jopo Kuu

Wifi yangu Odile Fuselier ni mpishi wa jela ya parokia yetu, kama tunavyoita wilaya hapa Luisiana, na hajui kumfukuza mgeni. Mpelelezi wa serikali kuu alipobisha hodi kuuliza kama mkuu wa polisi, msimamizi wa jela hiyo, huwatumia wafungwa kujenga nyumba yake ya mapumziko kule kinamasini, Odile alimpa kahawa na bakuli la gumbo, mchuzi wetu mzito wa bamia, kisha akamwambia hajawahi hata kuiona nyumba hiyo. Uongo mtupu! Yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea wafungwa chakula huko. Lakini kwetu mwajiri wako hasemwi mbele ya mgeni.

Wito wa jopo kuu ulipofika, alicheka. "Wakili wa nini? Wakili ni wa wezi."

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikafoka, nikamburura mpaka kwa Bi. Robichaux.

Yule wakili hakumbembeleza. "Mama, mle ndani hamna hakimu, na mimi siruhusiwi kuingia. Kuna raia wa kuamua nani ashitakiwe, na mwendesha mashtaka wa kuwaongoza. Ukirudia ulichomwambia mpelelezi, umeapa uongo. Ukisema kweli, umekiri ulimdanganya, na hilo nalo lina kifungo. Kila swali, toka nje uniulize."

"Nitoketoke kama mwenye tumbo la kuhara?"

"Toka."

Akawa anatoka, hata alipoulizwa anaishi wapi. Sisi tulikuwa kwenye benchi ukumbini. Safari moja alitoka anatweta. "Yule mwendesha mashtaka! Eti mimi ni shahidi tu! Eti asiye na hatia haogopi! Mbele ya watu wote wale!"

Niliona anataka kumwaga yote, ili tu aonekane mwema. Niliogopa kweli. Bi. Robichaux akamnong'oneza, Odile akaweka sawa kofia yake ya kanisani, akarudi. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe.

"Bwana," akamwambia mwendesha mashtaka, "nakataa kujibu, katiba inanipa haki hiyo. Lakini kama mimi ni shahidi tu, niandikie sasa hivi kwamba hamtanishitaki. Nitawaambia yote, mpaka kilichokuwa sufuriani."

Yule bwana akainamia karatasi zake.

Mama mmoja wa jopo akauliza, "Sasa mbona humwandikii?"

Yule bwana akamwambia Odile aende.

Alitoka, akanijia pale kwenye benchi. "Wifi, kumbe alikuwa ananitaka mimi nishitakiwe." Kisha akageuka, akapaza sauti mlangoni: "Ukinitaka, mwulize wakili wangu!"