Presha Ilipoanza Kushuka

Kazi yangu ni kusoma presha iliyo chini kabisa ndani ya visima vya mafuta baharini. Wiki nne nakaa kwenye jukwaa huko Atlantiki, wiki nne kwa mama, hapa mtaa wa Golf, Lubumbashi. "Tangu lini muntu wa Lubumbashi anatoboa bahari?" mama huuliza. Mume wangu naye alikuwa kwenye jukwaa lile lile, upande wa mashine za kuchimba, ila mwezi wa kisa hiki zamu zetu zilipishana: yeye kule, mimi nyumbani.

Siku moja, kwenye saa tano asubuhi, mwenzangu wa kazi anayenishikia zamu, naye mtu wa huku, alinipigia kwa intaneti kutoka jukwaani.

"Dada, fungua kompyuta, tuangalie pamoja. Hiki kisima kinaniogopesha."

Niliifungua kwenye meza ya mama, kando ya sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu. Namba zilikuwa zinaingia papo hapo kutoka kwenye kipimo kilichofungwa karibu na ncha ya kuchimbia. Kisima kile hakikuwa na msamaha. Matope tunayosukuma ndani yakilemea, mwamba unapasuka. Yakiwa mepesi, gesi inaingia. Nafasi katikati ilikuwa nyembamba mno.

Mstari wa presha ulikuwa unateremka polepole, kama mtu anayetoka chumbani asitake kusikika.

"Vipimo vya huku juu biko sawa," alisema.

"Achana na vya juu! Chini inashuka. Waambie basimamishe kuchimba, babane valvu ya kutokea matope. Sasa hivi!"

Nilimsikia akiwapigia kelele watu wa mashine. Kisha skrini ikaganda, simu ikakatika. Feni nayo ilisimama, umeme umekatika.

"Banakata courant," mama alisema kutoka jikoni.

Nilipiga simu tena na tena; bila intaneti haikuingia. Nilichokiona akilini ni mume wangu tu, amesimama juu ya lile shimo. Mama alikuja, akaniangalia, akaketi sakafuni karibu yangu.

"Bwana yako iko kule?"

"Iko kule, mama."

Akaanza kusali kwa lugha ya kwao Kasai, ambayo humsikia akiitumia msibani tu.

Saa tisa alasiri umeme ulirudi, na mume wangu akapiga. Gesi ilikuwa imeshaanza kuingia. Walibana valvu, presha ikapanda, gesi wakaitoa kidogo kidogo. Hakuna aliyeumia. "Iko muzuri," alisema mara tatu, huku meno yake yakigongana.

Alitua uwanja wa ndege wa Luano, nikamleta nyumbani. "Sitarudia kule tena," akasema, na hakurudi jukwaani.

Mimi nilirudi. Mtu akinyamaza ghafla kwenye simu, mpaka leo namwita tena na tena hadi aitikie.