Kitambaa Kwenye Mdomo wa Mpira

Ti, ti, ti. Mpaka leo nikisikia kijiko kikigonga glasi, mgongo unaninyooka wenyewe. Ilikuwa pete ya ndoa ya mama mwenye nyumba, akiigonga kwenye tangi la kioo pale sebuleni. Hakuwa anawaita kamba waliokuwa ndani yake. Alikuwa ananiita mimi. Jina langu nilimtajia siku niliyofika Mbinga kutoka Lundo kumfanyia kazi, na mfuko wangu wa nailoni, lakini alisema ni refu, linamchosha, pete inatosha. Akigonga, kamba walirukia nyuma chini ya mawe, na mimi nilitoka jikoni mbio.

"Mama, ona," binti yake alisema. "Wao wanakukimbia, huyu anakukimbilia. Nani ana akili?"

Tulicheka wote. Mimi nacheka upesi, ni kilema changu. Binti huyo tulilingana umri, yeye alikuwa amemaliza shule ya bweni akisubiri matokeo, na aliniita Usipa, kama wale dagaa tunaowaanika kwetu ziwani. Alisema nanuka hivyo hata nikioga.

Ilikuwa ile miaka watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, na Mbinga ikajaa magari ya watu tusiowajua. Baba mwenye nyumba alikuwa mmoja wa wanunuzi. Kabla ya mimi kufika, alikuwa na mgeni aliyenunua samaki wa rangi kule ziwani na kuwapeleka hai kwa ndege, kwa watu wa nje wanaofuga samaki kama sisi tunavyofuga njiwa. Mgeni huyo alimwachia tangi, refu kama jeneza la mtoto, na samaki ndani. Samaki walikufa kwa baridi ya Mbinga. Lakini kwenye mawe walikuwa wamejificha kamba wadogo, hakuna aliyewaona wakiingia. Mkubwa wao hakufika urefu wa ukucha wangu, na unamwona mpaka alichokula. Hao hawakufa. Wakazaana.

Kwetu Lundo hatukuwajali. Ni vidudu vya kwenye mawe, vinakutekenya miguu ukiosha sufuria. Baba huyu aliwapenda. Alirudi kutoka kununua kahawa Mkumbi au Mbuji na vumbi mpaka kwenye kope, akachuchumaa kwenye kioo kabla hajamsalimia mtu. Mama alisimama nyuma yake na chai, chai ikapoa.

Siku moja akiwa amechuchumaa vile nilimwambia, "Shikamoo Baba."

"Marahaba. Wewe si wa ziwani? Watunze hawa. Msimu wa kahawa ukiisha nikawakuta wazima, Januari nakupeleka kwa masista ukajifunze cherehani. Wakifa, lori la Mbamba Bay, la kurudi kwenu, unalijua."

"Nalijua, Baba."

Basi. Kuanzia siku hiyo sikuwa naishi Mbinga, nilikuwa naishi Januari. Nilikwishaona kibaraza changu, cherehani mlangoni, gauni la mikono ya puto likining'inia na mama mchungaji akiuliza la nani hilo. Masista walitaka kila msichana aje na kitambaa alichopinda kwa mkono wake, waone kama ana subira. Nilikuwa na kipande cheupe kilichobaki kwenye shati langu la shule. Mama akilala mchana, nilikaa nyuma ya jiko nikakipinda. Pindo likienda upande nililifumua, nikaanza tena. Sijui nililifumua mara ngapi.

Na kamba niliwatunza. Yule mgeni alikuwa amesema maji ya bomba yana dawa, yatawaua. Kwa hiyo nilichota maji ya chemchemi bondeni, nikayapandisha kichwani, nikayamimina kwenye pipa chini ya upenu yakalala siku mbili. Kila Jumamosi nilitoa ndoo moja tu kwenye tangi. Ukitoa mengi mara moja wanashtuka, mwili wao haupendi upya. Nilichovya mpira mwembamba, nikanyonya ncha ya pili mpaka maji yakaja, na maji yale yana ladha ya tope na majani yaliyooza. Binti alipenda kusimama hapo.

"Umemeza, Usipa? Sema kweli. Umemeza mavi yao!"

Ncha ya ndani ya mpira niliifunga kipande cha soksi kuukuu ya Mama, ili watoto wao wasivutwe. Kisha nilirudisha maji yaliyolala, kikombe kimoja kimoja, polepole, mkono ukinifa ganzi. Mama alikagua kucha zangu kabla sijagusa maji yao. Kabla sijala hakuzikagua. Maji niliyotoa yalikuwa ya maua yake, na mimi nilioga nusu ndoo, siku akikumbuka.

Msimu ulikuwa unakaribia kwisha. Habari ikaja kwamba Baba atarudi Jumapili na wageni, wanunuzi wakubwa, nao wameomba waone kamba. Jumamosi pete ikagonga.

"Hiki kioo kina ukungu. Toa nusu."

"Mama, huwa tunatoa ndoo moja..."

"Tunatoa?" Alimgeukia binti yake. "Umesikia? Tunatoa. Mimi na yeye. Ameshakuwa mwenye nyumba."

"Anajifunza kushona, mama," binti alisema. "Ataanza kutushona midomo."

Nilijua si sawa. Ningeweza kumwambia tena, ningeweza hata kuchelewesha na kusingizia mpira umeziba. Lakini niliitaka Januari, na Januari ilikuwa mkononi mwa watu hawa. Nikanyonya mpira, nikatoa nusu, nikarudisha nusu nyingine ya maji yaliyolala. Nikafuta kioo mpaka kikang'aa. Mama akajitazama humo, akanyoosha kilemba chake.

Jumapili walikwenda misa ya kwanza, mimi nikabaki jikoni nikikata nyama ya wageni. Waliporudi nilisikia kelele.

Chini kwenye changarawe walilala kamba, weupe, wengi, macho meusi yakitazama juu. Hakuna aliyetembea. Na mimi nilidhani wamekufa, sitadanganya. Halafu nikasogea karibu. Mmoja alikuwa ameegemea kioo na mwanga ulimpita wote, ndani hamna kitu. Yalikuwa magamba. Walikuwa wamejivua. Maji mengi mapya yaliwashtua wakajivua wote kwa pamoja, kwetu ziwani tunayaona magamba hayo kwenye mawe baada ya mvua kubwa. Na akishajivua huwa laini, anajificha chini ya jiwe siku moja mbili, mpaka gamba jipya ligande.

"Hawajafa, Mama," nilisema. Nilikuwa nacheka kwa furaha, na hilo ndilo lilikuwa kosa. "Ni nguo zao tu. Wamevua. Aliyekufa anakuwa mwekundu kama aliyechemshwa. Hawa hapa ni watupu, tazama!"

"Usipa anasema kamba wamevua nguo!" Binti alijitupa kwenye kochi. "Mama, wamekwenda kuoga!"

Mama hakucheka. "Umeua mali ya mume wangu, na unanichekea?"

"Wako chini ya mawe, Mama. Niruhusu nigeuze jiwe moja. Moja tu."

Kofi lilikuja na pete. Hapa shavuni pana alama bado, ndogo, watu hudhani ni ya ndui.

"Wageni hawawezi kukuta maiti sebuleni kwangu," alisema. "Toa nje. Mwaga. Osha kioo kwa sabuni, tutasema kilivuja."

Niliomba tena. Nilipiga magoti, sioni aibu kusema. Alichukua mpira pamoja na ile soksi, akachomoa soksi na kuitia kwenye jiko la mkaa. Ikanuka kama nywele.

Nilipunguza maji kwa ndoo mpaka tangi likabebeka, tukalibeba mimi na binti, yeye upande mmoja akilalamika linamlowanisha. Uani kulikuwa na kuku. Nilisimama. Nilifikiri, nikikataa nafukuzwa leo, nikikubali pengine kuna njia nitaiona. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na mikono miwili mizito. Tukainamisha.

Maji yalitoka, mawe yakaviringika, na ardhi yote ikaanza kuruka. Walikuwa hai, wote, laini, waking'aa, wanaruka kwenye vumbi kama mafuta kwenye kikaango. Mama alikuwa mlangoni.

"Mama," binti alisema, na kwa mara ya kwanza sikusikia kicheko kooni mwake, "wanaruka."

Mama aliwatazama. Alitazama muda wa kutosha kuelewa. Kisha akasema, "Basi sasa umewaua kweli," akaingia ndani.

Kuku walikuja kwa shingo ndefu. Niliwafukuza kwa mguu, huku nikiokota. Lakini kamba aliyetoka kujivua haokoteki, ni laini kama utando wa maziwa. Niliwabana taratibu kuliko nilivyowahi kubana sindano, na bado walikatika vidoleni mwangu. Wale niliowaua kwa kuwaokoa sijui kama ni wachache kuliko walioliwa na kuku. Mmoja nilimkuta kwenye shimo la jiwe, maji kidogo yamebaki humo. Huyo sikumgusa. Niliinamisha jiwe juu ya kikombe cha maji yaliyolala, akateleza mwenyewe.

Baba alifika mchana, peke yake. Wageni gari lao lilikuwa limeharibika, wakaahirisha. Hawakuja kabisa.

Nilimsikia Mama akimsimulia: msichana wako amewaua, na alikuwa anacheka. Kisha Baba akaja jikoni, akachuchumaa, safari hii mbele ya kikombe changu. Kamba alikuwa anapunga sharubu zake. Nilifungua kiganja nikamwonyesha na gamba moja. Baba alilipuliza, likaruka, jepesi kabisa.

"Walikuwa hai," alisema.

"Walikuwa hai, Baba."

"Nani alisema wamwagwe?"

Kwenye mwimo wa mlango nyuma yake nilisikia: ti, ti. Nilijua maana yake. Lakini nilikuwa na kamba ndani ya kikombe, nilikuwa na gamba, nikaona ushahidi umetimia, na shuleni walitufundisha ukweli unaokoa.

"Mama ndiye aliyesema, Baba."

Alicheka kidogo puani. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Unaona, binti. Ungesema ni wewe, ningekusamehe. Sasa umeniletea kesi nisiyoweza kuihukumu." Akanyanyuka, akijisukuma kwa magoti. "Lori linaondoka kesho asubuhi."

"Na cherehani, Baba?"

"Nilisema nikiwakuta wazima. Nimekuta mmoja." Alishika kikombe, akakichungulia kwa upendo uleule. "Huyu mrudishe kwenye kioo. Umwonyeshe binti yangu namna ya kubadili maji."

Ndiyo hivyo. Kamba alibaki, mimi nikaondoka.

Jioni nilipanga mawe upya, nikajaza tangi maji yaliyolala, nikamwachia humo. Peke yake alionekana kama uchafu jichoni. Nilimwonyesha binti: ndoo moja tu, kila Jumamosi, maji ya bondeni, si ya bomba. Hapa unafunga kitambaa, usije ukamvuta. Hapa unanyonya.

"Mimi siweki mdomo wangu kwenye uchafu," alisema. "Nitatoa kwa jagi." Halafu akasimama kidogo, kama anatafuta mzaha na hauoni. "Shavu lako linavuja, Usipa." Akaenda zake.

Asubuhi nilipoamka nyumba ilikuwa bado imelala, na mimi nilikuwa nimekwishafunga mfuko wangu. Nilipita sebuleni. Mpira ulikuwa umetupwa chini kando ya tangi, mdomo wake uko wazi. Nilijua binti akichoka na jagi, siku moja atauchukua. Nilitoa kitambaa changu cha masista. Pindo lilikuwa limenyooka pande tatu, bado upande mmoja tu. Nilikata kipande kwa meno, hapo penye pindo zuri, nikakifunga kwenye mdomo wa mpira kwa uzi wangu, nikazungusha mara tatu, nikavuta kuona kama kinashika. Kikashika. Nikautundika mpira kwenye msumari wake, nikatoka kwa mlango wa jikoni.